Mtani Haibi

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na nne. Najua mnavyocheka. Mtu wa umri huu, mnasema, hastaafu. Huacha kazi au hufukuzwa. Lakini neno hilo sikulichagua mimi. Alilitumia kafili mwenyewe, mdhamini aliyeshika vibali vyetu vya kuishi huku, na nitakapofika hapo nitaeleza alilitumiaje. Nyinyi vijana wa karakana mmeniomba niwaandikie niliyoyaona tangu mafuta yalipopanda bei na kila nyumba ya Jeddah na Riyadh ikataka baridi. Nitaandika. Cheo changu sitakitaja kwa sababu hakikubadilika, na mshahara sitautaja kwa sababu anayetaka kuujua anaweza kumwuliza kafili. Nitafurahi kusikia jibu atakalopewa.

Nianze na babu, maana kazi yangu ilianza kwake. Babu alikuwa mwashi Unguja. Alichoma chokaa na kujenga kuta nene ambazo ndani yake mtu alilala mchana wa kiangazi bila jasho, bila umeme, bila fundi wa kuitwa. Baba hakutaka mikono yenye chokaa. Akasoma, akawa karani wa ghala la karafuu, mtu wa koti jeupe na kalamu mfukoni. Mwaka 1964 tukaondoka na vile vilivyobebeka. Kalamu ilibebeka, lakini Jeddah haikuwa na ghala la karafuu, na baba akawa bawabu wa jumba moja mtaa wa Aziziya. Chumba chetu kilikuwa ubavuni mwa geti. Nilijifunza kusoma Kiarabu kwa mwanga wa taa ya geti, na kila gari lilipopiga honi, baba alinyanyuka kabla sijamaliza sentensi.

Mimi nikapelekwa Kairo kusoma fizikia. Nilirudi na digrii, na baba akanipeleka kwa mwenye jumba, ambaye alikuwa kafili wetu sote na sasa alikuwa na kampuni ya viyoyozi, kama kila mtu mwenye ardhi na shemeji ofisini wakati ule. Akaishika karatasi yangu, akaigeuza nyuma kutazama kama kuna kilichoandikwa, akaniuliza:

"Wewe ni mtoto wa yule wa getini?"

"Ndiyo."

"Basi njia unaijua. Kesho nenda karakana, wakupeleke mapaani."

Mhandisi aliyekuja mwaka huohuo kutoka Ulaya hakuulizwa baba yake yuko geti gani. Alipewa meza. Nilimfundisha mimi kwamba mashine za Jeddah hufa kwa chumvi ya bahari na za Riyadh hufa kwa vumbi, na kwamba dawa ya moja si dawa ya nyingine. Aliandika hayo kwenye ripoti yake kwa Kiingereza kizuri sana.

Watu wetu wana msemo wa kujifariji: huku kila kizazi kinapanda. Mimi nauliza, kinapanda kutoka wapi? Babu alijenga nyumba, baba akalinda nyumba ya mtu, mimi nikapoza nyumba ya mtu. Nyinyi mliozaliwa hapahapa, mnaoongea Kihijazi kuliko Wahijazi, mnaambiwa mtakaa ofisini. Siku mtakayoomba ofisi hiyo, sikilizeni swali la kwanza mtakaloulizwa. Nina hakika litamhusu baba yenu.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa juu ya paa la hospitali moja, mwezi wa Agosti. Nimevaa viatu vya Kairo, vyenye soli laini, na soli hizo zilibaki kwenye lami ya paa. Fundi niliyekabidhiwa kwake aliitwa Kibwana, Mzaramo wa Kisarawe, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alikuja kuhiji, akapata kafili, akabaki, kama wengi. Alinitazama nikiruka mguu huu na huu, akasema, "Bwana Digrii, jua hili halisomi vyeti. Ingia kivulini." Tangu siku hiyo nikawa Bwana Digrii, jina ambalo sikulipenda na ambalo sikuweza kulikana.

Kibwana ndiye aliyenifundisha kazi. Ukitaka kujua kompresa inaumwa wapi, weka ncha ya bisibisi kwenye chuma chake na mpini sikioni, usikilize. Zana zako ziweke ndani ya ndoo yenye maji au kivulini, la sivyo spana itakuchapa kiganja. Kabla ya kujaza gesi, paka povu la sabuni kila kiungo utafute tundu. Fundi anayejaza gesi kwenye bomba linalovuja amempa mteja baridi ya wiki moja na sababu ya kumtukana. Na geji zako usimwazime mtu. Geji, kwa wasiozijua, ni saa mbili za kupimia presha zilizofungwa pamoja kwa shaba, na mipira mitatu ya rangi inaning'inia chini yake. Fundi huzitundika shingoni akipanda ngazi. Zilikuwa mali ya kampuni, lakini kila fundi alikuwa na zake, na kwa vidole vyake alijua zinavyodanganya.

Asubuhi hiyohiyo nilisikia jambo lililonikasirisha kuliko jua. Mtu mfupi, kifua kipana, alipanda ngazi na mtungi wa gesi begani akipiga kelele:

"Yuko wapi mtumwa wangu? Mtumwa wangu Mzaramo, njoo umpokee bwana wako mzigo!"

Kibwana akajibu bila kugeuka, "Beba mwenyewe, mpagazi. Babu zako walibeba mpaka Tabora, wewe ngazi moja tu unalia?"

Mtu huyo alikuwa Maganga, Mnyamwezi, Mwislamu wa Tabora. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Mnaokulia huku huenda hamjui maana yake: ni makabila mawili ambayo yamepeana ruhusa, tangu zamani, ya kutukanana na kunyang'anyana vitu bila mtu kukasirika. Mimi nilikuwa najua na sikutaka kujua. Nilimwita Maganga kando.

"Neno hilo, huku, unalitumia vipi?" nikamwambia. "Hujaitwa hivyo sokoni? Hujaitwa hivyo na watoto wadogo wenye mawe mkononi? Nasi wenyewe tuliseme?"

"Bwana Digrii," akasema, "anayeniita hivyo sokoni, mimi nikimwita hivyo atanifanya nini?"

"Atakupeleka polisi."

"Basi huyo si mtani. Huyu nikimwita, ananiita. Ndiyo tofauti yenyewe. Hata bila Kairo inaonekana."

Sikuridhika, na sijaridhika mpaka leo. Nafikiri watu waliotukanwa na dunia nzima wangeweza kupata mchezo mwingine. Lakini nilifanya kazi na hao wawili miaka mingi, na sikuwahi kuona mmoja wao akila kabla mwenzake hajanawa mikono.

Sasa nije kwenye lile lililonitoa kazini.

Kiangazi kimoja tulikuwa na mkataba wa jengo kubwa la ofisi. Msimamizi alitaka tupande paa saa za adhuhuri ili jengo likabidhiwe mapema. Mwenzetu mmoja alianguka kwa joto, akashushwa kwa kamba kama mashine. Kesho yake Maganga aliketi chini kivulini, akasema hapandi mpaka alasiri. Hakupiga kelele. Aliketi tu. Mafundi wengine wakaketi pembeni yake mmoja mmoja, na mimi nikiwemo. Kafili alikuja, akatutazama, akaondoka. Asiye mjinga aliogopa mtazamo huo. Tulipewa ruhusa ya kupanda alasiri. Baada ya hapo kafili alilijua jina la Maganga, na si vizuri kafili akalijua jina lako.

Haukupita muda mrefu, telegramu ikafika karakana: mama yake Kibwana amefariki Kisarawe. Kibwana aliisoma, akaikunja, akaendelea kusafisha chujio. Hakuwa na ndugu Jeddah. Hakuwa na wa kumshika mkono, wa kumlazimisha kula, wala wa kuamua nani akae wapi. Jioni tukakusanyika chumbani kwake mtaa wa Ruwais, tukasoma khitma, tukanywa kahawa. Baba yangu alikuja pia, na koti lake. Kila mtu alisema maneno yanayosemwa. Kibwana aliitikia kila neno kwa adabu, macho makavu kama kioo, na mimi nilikuwa naogopa macho hayo.

Mara tukasikia sauti nje.

"Nani kampa ruhusa ya kufa? Nauliza! Mama wa mtumwa wangu anakufaje bila kuniaga?"

Maganga akaingia. Amevaa kanzu nje ndani, kofia ngumu ya kazini kichwani, na kikombe cha kahawa alichomnyang'anya mtu mlangoni. Akasimama katikati ya mfiwa na waliokuja kuhani.

"Bibi huyu alikuwa mchoyo," akatangaza. "Nilikwenda kwao Kisarawe, nikapewa muhogo mmoja. Mmoja! Nikauliza mwingine uko wapi, akasema ndio huo huo, ugeuze upande wa pili!"

Wazee wakaguna. Baba akaninong'oneza, "Mambo ya bara haya. Mtoeni." Mimi nilikuwa tayari kusimama. Maganga akanyoosha mkono ukutani, akazichukua geji za Kibwana zilizokuwa zimetundikwa msumarini, akazivaa shingoni.

"Hizi nimezikamata! Harudishiwi mtu mpaka zikombolewe kwa jogoo. Tena jogoo anayewika. Sitaki hawa wa barafu wanaoletwa na meli, waliokufa kabla ya mama yako!"

Kibwana akacheka. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kama chafya, kisha kikamshinda, kisha kikawa kilio, na Maganga akaketi karibu yake akamshika kichwa na kukilaza kifuani, juu ya geji na mipira yake. Hapo ndipo matanga yalipoanza. Tuliotangulia tulikuwa tumekaa tu.

Asubuhi Maganga alitakiwa Riyadh kwa kazi ya mwezi mzima. Akaondoka na basi, na geji begani. Utani una sheria zake: kilichokamatwa hakirudi bila kukombolewa, na kukirudisha bure ni kumwambia mwenzako kwamba msiba wake haukuwa na uzito. Hapa ndipo palipokosewa, na kosa hilo lisingefanywa na mtu mwingine yeyote katika mji huo. Kwa hao wawili, geji zilikuwa za Kibwana. Kwenye stoo ya kampuni zilikuwa za kampuni.

Mtunza stoo alipozitafuta, Kibwana alimjibu kwa uso wa furaha, kwa Kiarabu chake cha mapaani: "Maganga kachukua." Aliona fahari kulisema. Habari ikapanda mpaka kwa kafili, na Maganga akakamatwa Riyadh siku ya pili, geji zikiwa zimetundikwa juu ya kitanda chake mahali ambapo kila mtu angeziona. Alipoulizwa kama yeye ndiye aliyezichukua, akajibu ndiyo, tena kwa sauti. Mtani hakani.

Mizaha ikaisha. Karakana nzima ikawa inanong'ona juu ya jela na juu ya mkono wa kulia. Mimi nilijua kwamba mkono haukatwi hivihivi, sheria ina masharti yake mengi. Lakini nilijua pia kwamba masharti hayana faida kama hakuna wa kuyasema kwa Kiarabu mbele ya mtu anayeandika.

Kafili akaniita barazani kwake.

"Wewe unajua lugha yao," akasema. "Utakuja Riyadh. Afisa atauliza swali moja: alichukua? Naye atajibu: nilichukua. Utatafsiri hilo, halas."

"Na akiendelea kusema?"

"Aendelee. Wewe utakuwa umemaliza kazi."

Angalieni ujanja huu, vijana, maana utawafika. Hakuniomba niseme uongo. Aliniomba ukweli, ila kipande. Angeniomba uongo ningemheshimu zaidi kidogo.

Nilipotoka, baba alikuwa getini. Alikuwa amesikia, mabawabu husikia yote.

"Sema alivyokwambia," akaniambia, akijifanya anafuta kitasa. "Yule si ndugu yetu. Sisi si watu wa mambo hayo."

"Sisi ni watu wa mambo gani, baba?"

"Sisi ni watu ambao ikama zetu za kukaa nchini anazo mtu huyo mmoja. Yako, yangu, na ya mama yako. Kibali chote kiko mfukoni mwake. Akikifuta, tunakwenda wapi? Unguja? Nani anatungoja Unguja?"

"Na Maganga anangojwa na nani jela?"

"Mwanangu," akasema, "mimi nimenyamaza tangu ulipokuwa mtoto, ili wewe upate kusoma. Usinionyeshe sasa kwamba nilinyamaza bure."

Hasira niliyokuwa nayo haikuwa juu yake, lakini yeye ndiye aliyekuwa karibu, na nilimpita bila kuaga.

Riyadh tulikwenda mimi, kafili, na Kibwana, ambaye aliletwa awe shahidi kwamba geji zilimpotea. Njiani Kibwana aliniuliza mara moja tu, "Bwana Digrii, watamwachia?" Nikamwambia sijui. Akageukia dirisha.

Chumba cha polisi kilikuwa na kiyoyozi kinacholia. Feni yake iligonga ganda, skrubu moja imelegea. Nikajikuta naisikiliza kuliko watu. Maganga aliletwa. Alikuwa amekonda, lakini alipomwona Kibwana uso ukafunguka.

"Mtumwa wangu! Umeniletea jogoo?"

Afisa, mtu mzima mwenye mvi ndevuni, akaniuliza, "Anasema nini?"

Kafili akanitazama. Nikatafsiri: anauliza kama ameletewa jogoo.

"Jogoo gani?" akasema afisa.

"Si kitu," akadakia kafili. "Mwulize kama alichukua."

"Ulichukua vyombo hivi?" akauliza afisa.

"Nilichukua," akasema Maganga, "na sivirudishi mpaka avikomboe. Mama yake kafa na muhogo wangu."

Kafili akanionyesha kidole. Yalla, haya. Hapo palikuwa mahali pangu pa kunyamaza. Nikatafsiri yote: nilichukua, na sivirudishi, na kukombolewa, na mama, na muhogo. Kafili akavuta pumzi. Afisa akaiweka kalamu chini.

"Huyu ni ndugu yake?"

"Hapana."

"Rafiki?"

"Zaidi ya rafiki, na pia si rafiki. Ni mtani wake."

Nikatafuta neno la Kiarabu na sikulipata, basi nikaeleza kwa urefu. Nikamwambia habari za makabila mawili, za babu waliopigana au waliosafiri pamoja, na za ruhusa iliyobaki. Nikamwambia kwamba msibani mtani ana kazi yake, kama anayeosha maiti alivyo na yake, na kazi hiyo ni kumnyang'anya mfiwa na kumtukana mpaka akumbuke kwamba yeye bado yu hai. Nilikuwa namtetea mtu kwa desturi ambayo mimi mwenyewe siiamini, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kukasirika, kwa sababu mhandisi wa Ulaya angechukua geji hizo nyumbani kwake mwaka mzima na asingeulizwa hata na mtunza stoo.

Afisa akamgeukia Kibwana. "Alipovichukua, ulikasirika?"

Nikatafsiri. Kibwana akafikiri kwa makini, kama anayesikiliza kompresa.

"Mwambie," akasema, "asingechukua kitu ndiyo ningekasirika. Watu wengine wote walikuja kunihani. Huyu peke yake alikuja kunizikia mama."

Nilitafsiri polepole. Kiyoyozi kikaendelea kugonga.

"Mali ni yangu," akasema kafili. "Si ya huyu. Vyombo ni vya kampuni."

"Vilikuwa wapi vilipochukuliwa?" afisa akauliza.

"Msumarini," nikasema, "chumbani mwa aliyekabidhiwa, mbele ya watu wote waliohudhuria, naye mwenyewe akicheka."

"Hakukuwa na kufuli?"

"Mafi, hakuna kufuli."

Afisa akaandika kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Hapa hakuna mwizi. Vyombo hivi rudini navyo. Mengine ni baina yenu na mfanyakazi wenu."

Nilitaka kuandika kwamba tulitoka pale tunashangilia. Lakini sentensi ile ya mwisho ilikuwa mlango wa nyuma, na kafili alipitia hapohapo. Mfanyakazi ni wake. Kabla hatujarudi Jeddah alikuwa ameshaifuta ikama ya Maganga na kuomba arudishwe kwao, khuruji bila kurudi. Mkono wake ulipona, kazi yake haikupona. Sheria haikuwa na la kusema, na hiyo ndiyo sehemu ninayotaka muikasirikie pamoja nami: mtu anaweza kuonekana hana hatia mbele ya serikali na bado akaadhibiwa na mwenye mfuko.

Tuliporudi Jeddah, ilibaki karatasi moja. Kafili alitaka iandikwe kwamba Maganga anaondoka kwa hiari yake, na mimi, niliyetafsiri, nitie sahihi kwamba nimemsikia akisema hivyo.

"Sijamsikia," nikasema.

"Utamsikia."

"Atakaposema nitaandika. Mpaka sasa amesema anataka kumaliza jengo la Riyadh."

Akatabasamu. "Wewe umechoka," akasema. "Umefanya kazi nyingi. Wazee hupumzika. Kuanzia leo umestaafu." Na akamwita karani aandike neno hilohilo, mutaqaid, mstaafu, ili niwe kichekesho cha karakana. Nimelichukua neno hilo na nimelivaa. Si wengi wanaostaafu kwa sababu iliyo safi kama yangu.

Lakini hakuwa amemaliza. Alipotoka na gari alisimama getini, akashusha kioo, akamwambia baba, "Mwambie mwanao atie sahihi, kisha kila kitu kitabaki kilivyokuwa."

Mimi nilikuwa nimesimama kando. Nilimwona baba akiweka mkono kwenye komeo. Nilikuwa najua atakachosema. Nilikuwa nimekisikia miaka yote.

"Bosi," akasema baba, "geti lako nimelilinda tangu huyu hajabalehe. Ulimi wake hukunipa nikulindie."

Akafungua geti kwa adabu, gari likapita, akalifunga. Siku ileile tulitakiwa kuondoka kwenye chumba cha ubavuni. Mama alikunja mikeka bila kuuliza swali. Baba alivaa koti, akazifuta funguo kwa upindo wake kabla ya kuzirudisha.

Sasa tuko Ruwais. Tumepata kafili mwingine, mwenye duka la kutengeneza mafriji. Si malaika. Anauliza maswali yake ya baba-yako-ni-nani kama wengine, lakini anaweka ikama zetu mikononi mwetu, na hilo ni jambo ninalowashauri mlitake kabla hamjataka meza wala kiti. Baba anapokea wateja na kuandika majina ya friji zao kwa ile hati yake ya ghalani. Kibwana bado yuko kwa kafili wa zamani, kwa kuwa hakuna mwingine anayeyajua mapaa yale, na kwa kuwa ana wadogo zake wa kulisha sasa mama hayupo. Nilimlaumu. Alinijibu kwamba hasira ni nzuri kwa mtu ambaye baba yake yuko karibu.

Maganga aliletwa Jeddah kupanda ndege. Kibwana aliomba ruhusa akisema jino linamuuma, tukaenda uwanjani mimi na yeye, tukasimama nyuma ya kizuizi. Maganga alikuja na askari kijana aliyeshika pasipoti yake. Alikuwa na mfuko mmoja wa nguo, na amevaa shati la mtu mwingine.

Walipeana mikono juu ya kizuizi. Niliogopa wataachana hivyo, kwa kimya, kama watu wa kawaida.

"Tazama linavyokwenda," akasema Kibwana kwa sauti kubwa, watu wakageuka. "Jitu zima! Limeshindwa na nchi kwa sababu ya mipira mitatu ya geji!"

"Nyamaza, mla muhogo!" akajibu Maganga. "Nakwenda kuoa kwenu Kisarawe, wanawake wote! Na dada zako nitawabebesha kuni mpaka wasahau majina yao!"

"Wazaramo hawaolewi na mpagazi!"

"Nitawaoa kwa mkopo!"

Walikuwa wamekaribiana, kizuizi katikati, nyuso zimelowa, mishipa ya shingo imetoka.

"Na mimi nikifa huku," Kibwana akapiga kelele, "nani atakuja kunitukana? Eh? Nani, mshenzi wewe?"

"Usithubutu kufa!" akasema Maganga. "Mvivu wewe, hata kufa utachelewa! Ningoje!"

Askari kijana akashika mkanda wake, akatazama huku na huku, kisha akanigeukia mimi, maana mimi peke yangu nilikuwa sijafungua mdomo.

"Wanagombana?" akaniuliza kwa Kiarabu.

"Hapana," nikamwambia. "Wanaagana."